Soko la Taa Janja na Waya Usiokuwepo Ukutani

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika, na kwa muda intaneti ikawa ya kubahatisha. Habari zilikuwa za malipo yaliyokwama na ujumbe usiofika. Taa za sebuleni hazikuwa habari, na ni haki, kwa kuwa waliofunga taa za kuendeshwa kwa simu bado ni wachache. Lakini mwenye nyumba ambaye balbu zake hupokea amri kutoka seva ya ng'ambo alijifunza jambo ambalo muuzaji hakumweleza: anabonyeza simu akiwa amesimama chini ya balbu, na amri inalazimika kuvuka bahari kwanza ndipo irudi kuiwasha.

Soko lenyewe linakua kimyakimya. Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, maboksi yenye picha ya simu na balbu ya rangi rangi yamepangwa rafu moja na LED za kawaida, na vifaa vingine vinaingia ndani ya masanduku ya ndugu wanaotoka Dubai, London au Marekani. Mnunuzi anakutana na majina kibao: Wi-Fi, Zigbee, Z-Wave, Thread, Matter, KNX. Anaambiwa yote ni yaleyale, mradi simu ishike. Sikubaliani. Tofauti zake zinaanzia kwenye masafa ya redio na kufika hadi kwenye mizania ya kampuni iliyotengeneza kifaa, na iliyo kubwa kuliko zote imejificha ndani ya ukuta wa mnunuzi mwenyewe.

Tuanze na mizania, maana huko ndiko walikoumia wengi. Mwaka 2014 Nest, wakati huo tayari mali ya Google, ilinunua kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Revolv, iliyouza kisanduku cha kati cha kuendeshea taa na kufuli kwa takriban dola 300. Mei 2016 seva zake zilizimwa na kisanduku kikabaki pambo la mezani. Mei 2020 kampuni nyingine ya hukohuko, Wink, iliwatangazia wateja kwamba wana wiki moja tu ya kuanza kulipa dola 4.99 kwa mwezi, la sivyo vifaa walivyokwisha kuvinunua havitaendeshwa tena kwa simu. Osram ya Ujerumani ilizima seva za mfumo wake wa Lightify Agosti 31, 2021. Insteon ya California ilifuata Aprili 2022, na hiyo hata taarifa haikutoa. Wateja walijionea wenyewe programu ikigoma kufunguka. Miezi michache baadaye kundi dogo la wateja wake liliinunua na kuziwasha seva upya.

Katika mkasa wa Insteon kuna jambo moja la kuangaliwa kwa makini. Wateja waliokuwa wameunganisha swichi na taa moja kwa moja, kifaa kwa kifaa, waliendelea kuwasha na kuzima kama kawaida siku zote ambazo kampuni ilikuwa haipo. Walioathirika ni wale ambao kila kitu chao kilipitia kwenye seva. Kampuni ileile, vifaa vilevile, matokeo mawili tofauti. Hesabu yenyewe haihitaji mhasibu: balbu inauzwa mara moja, seva inalipiwa kila mwezi, na faida ya balbu ya bei ya chini haiwezi kubeba seva kwa miaka kumi. Ama mtengenezaji apate wateja wapya daima, ama aanze kutoza ada, ama azime.

Sasa, kinachouzwa zaidi huku kwetu ni Wi-Fi. Chipu iliyofungua mlango ni ESP8266 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyoingia sokoni 2014. Mwaka huohuo mjini Hangzhou ilianzishwa Tuya, ambayo biashara yake ni kuwauzia wenye viwanda moduli, programu na huduma ya seva, kisha kila mmoja abandike jina lake juu ya boksi. Ndiyo sababu maboksi manne yenye majina manne yanaweza yote kukuelekeza kupakua programu moja, Smart Life. Si utapeli, ndivyo biashara ilivyopangwa. Ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi yako programu inaweza kuzungumza na balbu moja kwa moja, lakini ratiba na mipango mingi ya kujiendesha huamuliwa na seva. Kwa hiyo intaneti ikikatika unabaki na nusu ya ulichonunua, na nusu gani hasa, boksi halisemi.

Kuna tatizo jingine linalotuhusu sisi kuliko watu wa Ulaya. Balbu ya Wi-Fi haina kitufe. Ili kuirudisha katika hali ya upya, mtengenezaji amekubaliana na mteja kwamba atazima na kuwasha mara tatu au tano haraka haraka. Kwa mtu wa Rotterdam hilo halitokei kwa bahati mbaya. Kwa mtu wa Mbagala, Dar es Salaam, umeme unaporudi hurudi kwa kusitasita: unawaka, unakata, unawaka, unakata, ndipo unatulia. Balbu inahesabu. Ukifika mara ya tatu inasahau jina la Wi-Fi, inasahau mwenye nyumba, na kuanza kupepesa ikisubiri kuunganishwa upya. Mwenye balbu 12 ana kazi ya jioni nzima.

Na hata ile isiyosahau ina tabia zake. Philips Hue, mfumo ulioanza kuuzwa Oktoba 2012 na ambao kwa ubora hauna wa kuubeza, kwa miaka sita ulikuwa na kanuni moja: umeme ukirudi, taa ziwake zote kwa mwanga wote. Kanuni hiyo ina mantiki, kwani aliyewasha swichi ya ukutani anataka mwanga. Lakini mahali ambapo umeme hukatika saa tano usiku na kurudi saa tisa, nyumba nzima huamshwa na taa za kila chumba. Mpangilio wa kuchagua taa irudi ilivyokuwa uliongezwa 2018. Anayenunua chapa yoyote leo aulize jambo hilo kabla ya kuuliza idadi ya rangi.

Si Wi-Fi yote iko hivyo. Shelly, ya Bulgaria, inatengeneza moduli ndogo za rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zinazokubali amri ndani ya nyumba bila seva yoyote ya nje, na ukitaka huduma yao ya intaneti unaiwasha mwenyewe. Vifaa vingi vyenye chipu za Espressif vinaweza pia kubadilishiwa programu na kuwekewa Tasmota, ambayo ni ya bure na inasikiliza amri za nyumbani tu. Kinachobaki ni ruta. Ile iliyoletwa na mtoa huduma ilikusudiwa simu chache na televisheni moja. Ukiipakia swichi 30 inaanza kusahau wapangaji wake. Karibu vifaa vyote hivi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, basi simu iliyo kwenye 5 huenda isivione wakati wa kuviunganisha. Ruta nzuri na betri ndogo ya kuishikilia umeme ukikatika viingie kwenye bajeti ya taa, visiachwe kwenye bajeti ya intaneti.

Lakini yote hayo ni mepesi ukilinganisha na kilicho ukutani.

Chukua bisibisi, zima meni swichi, fungua skurubu mbili za swichi ya chumba cha kulala katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, uivute taratibu. Nyuma yake utakuta waya mbili. Mafundi wetu walirithi mtindo wa Kiingereza: nyutro inakwenda moja kwa moja kwenye taa, na swichini unashushwa waya wa moto na kupandishwa mwingine unaorudi kwenye taa. Kwa swichi ya kawaida inatosha kabisa, kwani kazi yake ni kukata njia. Swichi janja ni kompyuta ndogo. Inahitaji kula saa 24, taa ikiwa imewaka au imezimwa, na ili ile inahitaji moto na nyutro vyote viwili. Nyutro hapo haipo. Wakati mwingine mmoja wa zile waya mbili ni mweusi, na aliyekariri rangi za zamani atadhani ameipata. Siyo. Ni waya wa moto unaorudi, umevaa rangi isiyo yake.

Watengenezaji wana jibu: swichi zisizohitaji nyutro. Zinapitisha umeme kidogo sana kupitia taa yenyewe hata ikiwa imezimwa, na kwa huo zinajiendesha. Enzi ya balbu za nyuzi za wati 60 hakuna aliyegundua. LED ya wati 5 inagundua. Umeme ule kidogo unajaza kapasita ya ndani mpaka unatosha kuwasha mara moja, taa inamweka gizani, inazima, inajaza tena. Dawa yake ni kapasita nyingine ndogo inayofungwa sambamba na taa, mara nyingi inakuja ndani ya boksi la swichi na mara nyingi fundi anaitupa akidhani ni akiba. Swichi za Zigbee hufaulu zaidi katika kazi hii kwa sababu redio yake hula kidogo. Wi-Fi ina njaa, na swichi ya Wi-Fi isiyo na nyutro ni ya kununua kwa tahadhari.

Jibu la hatari ni lile la fundi anayesema, "Tutatumia ethi." Anaunganisha waya wa ethi mahali pa nyutro, swichi inawaka taa yake ya bluu, mteja anafurahi. Kuanzia hapo ethi ya nyumba inabeba umeme wa kazi. Nyumba yenye RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) inayofanya kazi inaweza kukatika bila sababu inayoonekana. Isiyokuwa nayo ni mbaya zaidi: siku waya wa ethi utakapolegea au kukatika mahali fulani, moto utapitia kwenye swichi na kusambaa hadi kwenye bodi ya friji na pasi. Fundi anayependekeza hivyo alipwe nauli arudi kwao. Leseni za ufungaji umeme Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA, na kumwomba mtu aonyeshe yake si kumvunjia heshima.

Kuna njia ya kati. Katika nyumba ambazo waya wa moto hupitia kwanza darini kabla ya kushuka swichini, waya zote zinakutana juu kwenye boksi la taa, na moduli ya rilei inaweza kukaa hapo huku swichi ya zamani ikibaki ukutani kuituma. Mgeni haoni tofauti. Ila moduli nyingi za aina hiyo zimeandikwa kikomo cha nyuzi joto 40, na dari iliyo chini ya bati mchana wa Februari Dar es Salaam inavuka hapo bila kutoka jasho. Zikikaa kwenye jipsamu iliyo chini ya zege la ghorofa, hakuna neno.

Na kwa anayejenga sasa, suala lote linaisha kwa waya mmoja. Kabla ya plasta, kuvuta nyutro kwenye kila boksi la swichi ni gharama ya waya na muda kidogo wa fundi, na kudai maboksi yenye kina zaidi ni gharama ndogo kuliko hiyo. Baada ya plasta na rangi ni kutindua ukuta. Hata kama hutaki taa janja leo, mpangaji au mtoto wako atazitaka, na mwenye kununua nyumba siku zijazo ataanza kuuliza.

Tukirudi kwenye redio. Zigbee, inayotumia pia gigahezi 2.4, hujenga wavu: kila kifaa kinachopata umeme wa kudumu hupokea ujumbe na kuupasia mwenzake mpaka ufike. Kwa nyumba ya tofali nene na nguzo za zege huo ni msaada mkubwa, kwani redio moja peke yake haifiki chumba cha uani. Wavu huo unavunjika kwa njia ya kienyeji kabisa: bibi anakuja kutoka Moshi, kila akitoka chumbani anazima ukutani alivyozoea, na balbu iliyokuwa daraja kwa wenzake inakufa. Ndiyo sababu napendelea akili ikae kwenye swichi au kwenye moduli, na balbu ibaki balbu. Balbu ikiungua unanunua nyingine duka la mtaani, ya pini au ya kuzungusha, na maisha yanaendelea.

Z-Wave, iliyobuniwa na kampuni ya Zensys ya Denmark, inatumia masafa ya chini yanayopenya ukuta vizuri zaidi, na kwa miaka mingi imesifiwa kwa utulivu. Ina mtego kwa sisi tunaoletewa mizigo. Vifaa vya Ulaya vinatumia megahezi 868, vya Marekani 908, na havisikilizani. Swichi iliyotoka Minneapolis haitatambuliwa na kisanduku kilichotoka Manchester. Zaidi ya hapo, Afrika iko kundi moja na Ulaya katika mgawanyo wa kimataifa wa masafa, na 908 huku ni eneo ambalo simu za mkononi hutumia kupeleka mawimbi mnarani. Unafunga taa, unaingilia mtandao wa simu, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ina haki ya kuja kukuuliza. Bila kusahau kwamba swichi za Marekani zimetengenezwa kwa volti 120 na kwa boksi refu jembamba, wakati kwetu ni volti 230 au 240 na boksi la mraba. Ndugu wa Marekani alete viatu.

Hiyohiyo ndiyo kasoro ya Lutron, kampuni ambayo mwanzilishi wake, Joel Spira, alibuni dima ya kielektroniki ya majumbani mwaka 1959. Mfumo wake wa Caséta unatumia masafa yake mbali kabisa na msongamano wa Wi-Fi, na huko kwao ni jina linalotajwa haraka mtu akiuliza kitu kisichosumbua. Lakini Caséta ni ya nyumba za Marekani.

Matter ndiyo gumzo la sasa. Ni lugha moja iliyokubaliwa na Apple, Google, Amazon, Samsung na wengine chini ya Connectivity Standards Alliance, shirika ambalo hadi 2021 liliitwa Zigbee Alliance. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2022, na taa na swichi zilikuwa miongoni mwa vifaa vya mwanzo kabisa. La maana kwetu ni kwamba Matter imejengwa juu ya amri za ndani ya nyumba: simu, spika au kisanduku chochote kinachoielewa kinaweza kuendesha kifaa bila kuomba ruhusa ya seva ya mtengenezaji. Kifaa cha Matter kinachotumia Wi-Fi kinahitaji ruta tu. Kinachotumia Thread, mtandao wa wavu unaofanana na Zigbee, kinahitaji pia kifaa cha kukiunganisha na ruta, kwa mfano HomePod mini, na hapo gharama inapanda kimyakimya. Nembo ya Matter kwenye boksi ni dalili njema, ingawa haikuambii lolote kuhusu rilei iliyo ndani.

Maana rilei nazo hufa. Kifaa kimeandikwa ampea 10, fundi anakifunga kuendesha daunlaiti 20 zenye jumla ya wati 140, chini ya ampea moja, na baada ya mwaka taa zinagoma kuzima. Kosa si la hesabu yake. Draiva ya LED, katika ile sehemu ndogo ya sekunde inapowashwa, huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida ili kujaza kapasita zake, na draiva 20 zikivuta pamoja cheche yake inaweza kuyeyusha midomo ya rilei ikashikana. Ile ampea 10 ilipimwa kwa mzigo wa aina ya pasi. Gawa kundi la taa, au weka kontakta ibebe mzigo na kifaa janja kiiamuru tu. Dima nazo ni vivyo hivyo: nyingi za zamani zilikusudiwa mizigo mikubwa ya balbu za nyuzi, na ukizifunga kwa LED zinavuma au zinapepesa. Kama nyumba inatumia inveta, hakikisha inatoa wimbi safi. Zile za bei poa zenye wimbi la ngazi huchosha dima na vifaa vingine vya kielektroniki.

Kuna waliodhani jibu ni kutumia waya za umeme zenyewe kubeba ujumbe. X10, iliyobuniwa 1975 na Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ilifanya hivyo kwa miaka mingi, na ndiyo iliyowafundisha Wamarekani maana ya nyumba kujiendesha. Ishara zake hazikuvuka vizuri kutoka fezi moja hadi nyingine na zilimezwa na kelele za vifaa vya umeme. Nyumba yenye fezi tatu na pampu ya maji ingeishinda.

Wenye uwezo wanakwenda kwenye KNX. Hii ni njia ya waya kamili: waya wa kijani wa volti takriban 30 unapita kwenye kila swichi, na swichi ya ukutani haikati umeme wa taa, inatuma ujumbe kwa kifaa kilicho kwenye bodi. Ilizaliwa Ulaya 1990 kwa jina la EIB, ikaunganishwa na mifumo mingine miwili kuanzia 1999, na leo ni kiwango cha kimataifa. Haina kisanduku cha kati. Kila kifaa kina kumbukumbu yake, hivyo kikifa kimoja vingine vinaendelea. Haijui intaneti ni nini mpaka uiambie. Kwa utulivu sioni wa kuifikia, na vifaa vya kampuni tofauti huzungumza bila ugomvi. Mahoteli na maofisi huiweka pamoja na DALI, inayoendesha hadi taa 64 kwa laini moja.

Gharama yake kubwa si waya. Ni mtaalamu. KNX hupangwa kwa programu moja tu, ETS, ambayo leseni yake kamili ni takriban yuro 1,000, na faili la mradi ndilo lenye siri zote za nyumba. Mtaalamu akiondoka nalo, mwenye nyumba hawezi kubadilisha hata swichi moja iwashe taa nyingine bila kuanza upya. Faili hilo liandikwe kwenye mkataba kuwa ni mali ya mwenye nyumba, na likabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho.

Kwa nyumba kongwe ambazo ukuta hautinduliwi ovyo, kama zile za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuna swichi za EnOcean, kampuni ya Ujerumani iliyotoka ubavuni mwa Siemens mwaka 2001. Hazina waya wala betri. Nguvu ya kidole kinachobonyeza ndiyo inayotoa umeme wa kutuma ujumbe, kwa megahezi 868. Unaibandika ukutani kwa gundi na kazi ya ukutani imekwisha.

Je, yote haya yanalipa? Wauzaji hupenda kusema taa janja inapunguza gharama ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tufanye hesabu. Nyumba ina balbu 20 za LED za wati 9, zinawaka saa tano kwa siku: ni uniti 27 kwa mwezi. Tuseme mfumo unazizima mapema na kuokoa saa moja kila siku. Umeokoa uniti 5.4. Sasa kila balbu janja inakula hata ikiwa imezima. Kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa balbu za aina hiyo ni nusu wati, na tuwape heshima kwamba zote zinakitii. Balbu 20, nusu wati, saa 20 kwa siku, siku 30: uniti 6. Umepata hasara ya zaidi ya nusu uniti, bado hujagusa bei ya balbu. Anayenunua anunue kwa ajili ya raha, usalama au mzee asiyeweza kutembea gizani, sababu ambazo zote ni halali.

Pesa ya kweli iko nje, kwenye taa za ulinzi zinazosahaulika mchana kutwa. Taa nne za wati 50 zikiwaka saa 12 bila sababu kila siku ni uniti 72 kwa mwezi. Hapo fotoseli ya kawaida, isiyojua Wi-Fi wala wingu, inamaliza kazi. Amsterdam jua linazama saa kumi na nusu jioni Desemba na saa nne usiku Juni, na kompyuta ya kufuatilia machweo ina maana. Dar es Salaam tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja.

Kwa atakayeamua kufunga mfumo kamili, njia ninayoiona salama kwa nyumba ya kawaida ni moduli au swichi za Zigbee, Matter au Wi-Fi zenye amri za ndani, nyutro kila boksi, na kompyuta ndogo ya nyumbani yenye Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa 2013 na Paulus Schoutsen. Nunua swichi mbili za akiba za modeli ileile, kwani ukirudi dukani baada ya miezi sita boksi litakuwa na jina jingine na chipu nyingine ndani. Siku ya makabidhiano, kabla fundi hajapokea kiasi kilichobaki, chomoa ruta, kisha pita chumba kwa chumba ukiwasha na kuzima kwa swichi za ukutani. Halafu zima na kuwasha meni swichi mara tatu kwa kasi, rudisha ruta, subiri dakika tano, na mhesabu pamoja ni taa ngapi zimerudi zenyewe.